Inataja Ukubwa, Haitaji Kilichomo

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi, na pengine ngoma na michezo ya jukwaani ya hapa Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kipo tangu mwaka 1981. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini yako maandishi mengine ambayo watu wengi zaidi huyasoma, wakayatii, yakawaletea faida au hasara, wala hapana mhakiki anayeyatupia jicho. Naomba ruhusa ya msomaji nihakiki andiko moja la namna hiyo: lile dirisha dogo la kompyuta linalotokea unapotaka kusafisha diski, likakupangia orodha ya vitu vya kufuta, kila kimoja na ukubwa wake ubavuni.

Wanaotumia kompyuta zenye mfumo wa Windows wanalijua. Limekuwapo tangu Windows 98, na ingawa sura yake imebadilishwa mara kadhaa, mwenendo wake ni ule ule. Kushoto kuna visanduku vya kutia alama, kulia kuna ukubwa kwa megabaiti au gigabaiti, na chini kuna maelezo ya mstari mmoja au miwili ambayo wengi hawayasomi. Mafaili ya muda, yaliyomo kwenye pipa la taka, mabaki ya kurasa za intaneti: hayo sina ugomvi nayo, na yafutwe. Ugomvi wangu uko kwenye ile mistari miwili mitatu ambayo kwa kawaida ndiyo yenye tarakimu kubwa kuliko zote, yaani mafaili ya mfumo wa awali na nakala za akiba zilizowekwa ili kompyuta ikiharibika iweze kurudishwa ilivyokuwa.

Tuvieleze kwanza vitu hivi, maana mara nyingi vinachanganywa. Tangu Windows Me ya mwaka 2000 kompyuta imekuwa ikijiwekea vituo vya kurejea. Kabla ya badiliko kubwa, kwa mfano kuingizwa kwa programu mpya, inatunza hali ya mafaili yake ya ndani na mipangilio yake, ili mambo yakienda mrama irudi kwenye kituo kile. Cha pili ni folda iitwayo Windows.old. Ukipandisha mfumo kutoka toleo moja hadi jingine, lile la zamani halifutwi papo hapo. Linasogezwa kando, likachukua gigabaiti 10, 20 au zaidi, likingoja usije ukajuta. Cha tatu ni sehemu ya diski iliyofichwa, ambamo mtengenezaji ameweka nakala ya kompyuta kama ilivyotoka kiwandani.

Hapa ndipo neno la kwanza linapotutatiza, nalo ni kurejesha. Kwa Kiswahili cha kawaida, mtu akisema amerejeshewa kitu, tunaelewa kwamba kilichopotea kimemfikia tena mkononi. Kwenye kompyuta neno hilo hilo limebebeshwa kazi mbili zinazopingana. Kurejesha waraka ni kukurudishia ulichopoteza. Kurejesha kompyuta katika hali ya kiwandani ni kuipeleka kompyuta mwanzoni kabisa, kabla hujaigusa, pamoja na kukupotezea barua, picha na hesabu zako zote. Anayefaidi katika neno lile la kwanza ni wewe, na katika lile la pili ni mashine. Vijana wa kwenye maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi wanaujua mtego huu vizuri, maana wateja huja wakisema, "Mwanangu, nirejeshee kompyuta yangu," nao hulazimika kuuliza maswali matatu manne kabla ya kugusa kitu.

Mkanganyiko huo una sehemu ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote. Ukiirudisha kompyuta kwenye kituo cha kurejea, nyaraka zako haziguswi. Kampuni yenyewe imesema hivyo siku zote, na ni kweli. Kwa hiyo mtu mwenye busara anahitimisha kwamba vituo hivyo havihusiani na nyaraka zake, na kwamba akivifuta amefuta kumbukumbu za mashine tu. Hitimisho hilo ni sawa kwa sehemu, na si sawa kwa sehemu. Katika Windows 7, kwa mfano, pamoja na vituo vile diski ilikuwa ikitunza nakala za kivuli za nyaraka zilizobadilishwa, hata ukaweza kubofya faili kwa kitufe cha kulia ukaonyeshwa lilivyokuwa wiki iliyopita au mwezi uliopita. Ukifuta vituo vyote ukabakiza cha mwisho, vivuli vile vya zamani vinakwenda navyo. Dirisha lilisema hivyo, tulitendee haki. Lilisema kwa Kiingereza, kwenye kichupo cha pili, katika maandishi madogo, kwamba katika baadhi ya matoleo huenda nakala za namna hiyo zikafutwa pia. Huenda! Kompyuta yenyewe inajua kama nakala zipo au hazipo. Mwenye kubahatisha ni mwandishi wa dirisha.

Kuna shamba moja upande wa Zinga ambalo hadithi yake nimeisikia kwa watu watatu tofauti, na wote wanapatana. Mwenye shamba alikuwa mzee mpenda orodha. Kila mnazi, kila mwembe na kila mkorosho ulikuwa umeandikwa, safu kwa safu, na pembeni jina la aliyeupanda. Mpwa wake akamwingizia orodha hiyo kwenye kompyuta ya mtumba yenye mfumo wa siku nyingi. Jambo hili lilikuwa zito kuliko linavyosikika, maana fidia ya ardhi katika nchi yetu huhesabiwa pamoja na mazao ya kudumu yaliyo juu yake, na tangu mwaka 2013 yalipotiwa saini makubaliano ya kujenga bandari ya Mbegani, hata mtu asiye na hakika kama mradi utamfikia alianza kuhesabu minazi yake. Mwaka 2019 mradi ulisimama. Hesabu za minazi hazikusimama.

Mzee alikuwa akiisahihisha orodha yake mara kwa mara. Mnazi ukifa, safu inafutwa, faili linahifadhiwa palepale juu ya lile la jana. Ikafika siku ya ugomvi kati ya watoto wa ndugu wawili juu ya mpaka, na kila upande ukadai kwamba safu fulani ya minazi iliyokwisha kufa ilikuwa ya baba yake. Orodha iliyokuwapo haikuwa na habari za minazi hiyo, kwa sababu ilikuwa orodha ya iliyo hai. Wakati huo huo kompyuta ilikuwa imejaa, ikienda kwa kusuasua, na mpwa alikuwa tayari ameipeleka mjini Bagamoyo isafishwe.

"Mjomba, imejaa mafaili ya zamani ya mfumo. Yatupwe?" aliuliza kwa simu.

"Yatupwe tu, baba, ila orodha yangu msiiguse."

"Orodha haiguswi, mjomba."

Wote wawili walisema kweli kadiri walivyojua. Aliyeokoa jambo ni dada wa dukani, ambaye ana mazoea ya kuuliza mteja ni faili gani analolithamini kuliko yote, kisha akalibofya kuona kama lina matoleo ya nyuma kabla hajafuta chochote. Akayakuta manne. La kwanza kabisa lilikuwa na minazi kumi na saba zaidi kuliko orodha ya siku ile, na majina yake. Alilinakili kwenye flashi, akalichapa, ndipo akasafisha. Wazee walipokwenda shambani na karatasi ile walihesabu visiki, na visiki vikakubaliana nayo isipokuwa kimoja, ambacho hata leo familia haijaafikiana kama kilikuwa mnazi au mvumo.

Nimeleta habari hii kwa sababu inaonyesha hasa upungufu wa andiko ninalolihakiki. Dirisha lilimwambia yule dada kwamba vituo vya kurejea vimechukua gigabaiti kadhaa. Halikumwambia kwamba ndani yake mna matoleo manne ya orodha ya minazi. Ni kama mpagazi wa forodhani anayekwambia uzito wa gunia, na ukimuuliza mna nini ndani anarudia kukutajia uzito. Uamuzi wa kutupa au kubakiza unawekwa mbele yetu kwa kipimo kimoja tu, kile kinachoisumbua mashine, yaani nafasi. Kinachotusumbua sisi, yaani kilichomo, hakina safu yake katika orodha.

Wapo watakaosema kwamba nadai mno, kwani mashine haiwezi kujua lipi lina thamani. Nakubali kwamba thamani haiijui. Lakini majina ya mafaili inayajua, na tarehe inazijua. Hakuna anayeitaka ipime uzito wa urithi wa mtu; inatakiwa itaje tu.

Tena hapa lugha yetu ingeweza kuwasaidia waandishi wa madirisha kama wangeiuliza. Kwa Kiingereza mambo haya yote hukusanywa chini ya maneno mawili matatu yenye maana ya kilichotangulia au kilichozeeka. Mswahili hatumii neno moja. Nguo kuukuu ni ile iliyochakaa, ya kufanyiwa matambara. Nyumba ya kale ni ya kutunzwa. Hakuna mtu wa Kaole atakayeyaita magofu yale makuukuu. Kitu cha zamani ni cha wakati uliopita bila kukisifu wala kukitweza. Na kitu cha akiba ni kile kilichowekwa kusudi, kwa siku isiyojulikana. Mafaili ya muda ni makuukuu. Windows.old ni ya zamani. Vivuli vya nyaraka ni akiba. Kuvipanga vyote kwenye orodha moja ya kusafishwa, kana kwamba vyote ni uchafu, ni kosa la msamiati kabla ya kuwa kosa la ufundi.

Sisemi kwamba kutafsiri peke yake kungetosha. Desemba 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizosema Kiswahili, na ilikuwa kazi ya kupongezwa. Nchi hii iliwahi kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na wengi wetu wa ukanda huu tulikutana nazo baada ya mlango kufunguliwa tena katika miaka ya 1990, hivyo kupata menyu kwa lugha ya nyumbani halikuwa jambo dogo. (Wako pia waliotaka mashine yenyewe tuiite ngamizi, neno ambalo sikioni mwangu limekaa jirani mno na kuangamiza, na katika mada ya leo naogopa kulitumia.) Lakini ukilitafsiri dirisha hili neno kwa neno utapata kwa Kiswahili sanifu kabisa ukimya ule ule.

Kwamba ukimya huo una gharama, watengenezaji wenyewe walionyeshwa mwaka 2018. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo Microsoft walitoa toleo jipya la Windows 10, na siku chache baadaye wakalisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu walikuta nyaraka zao zimetoweka. Maelezo waliyoyatoa yanafaa kusomwa na kila anayesafisha kitu. Watu waliokuwa wamehamisha folda zao za nyaraka au picha kwenda mahali pengine walibaki na folda zenye majina yale yale kwenye mahali pa awali. Watu walilalamika kwamba zimebaki tupu na zinakera. Ikaandikwa programu ya kuziondoa. Programu ikaondoa folda za mahali pa awali, na kumbe kwa watumiaji fulani hazikuwa tupu. Kampuni ilisema waliopatwa ni wachache mno, asilimia moja ya asilimia moja ya waliopandisha toleo, na toleo likarudi Novemba 13 likiwa limerekebishwa. Sina sababu ya kuibishia hesabu hiyo. Ninachokitazama ni namna ya kufikiri iliyomo: folda ilihukumiwa kwa anwani yake, kwa kuwa ilikuwa mahali pa zamani. Ndani haikutazamwa.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kulielewa hili haraka. Bagamoyo ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, na makaratasi ya utawala ule, yale yaliyosalimika, yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na tangu mwaka 1997 yamo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Makarani walioyaandika hawakujua kwamba siku moja yangesomwa ili kuandika historia ya waliotawaliwa. Waliofuata nao walisafisha. Mwaka 1961 wizara ya makoloni ya Uingereza iliagiza kwamba mafaili ambayo yangeiaibisha serikali yao yasikabidhiwe kwa nchi zinazopata uhuru. Mengine yalichomwa, mengine yalisafirishwa yakafichwa, na kuwapo kwake hakukukiriwa hadi mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London. Ya Tanganyika yalikuwamo. Lile lilikuwa jambo la aibu, lakini hawa angalau walisoma kabla ya kuchoma. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 nayo inataka kumbukumbu za umma zisiteketezwe bila idhini, na ziwekewe muda wa kutunzwa kulingana na aina yake. Aina yake, si unene wa jalada.

Nisieleweke vibaya. Mimi si mmoja wa wale wanaobakiza kila kitu. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini ghala hujaa, na kompyuta iliyojaa kabisa haina manufaa kwa mtu. Zimeletwa huku kompyuta nyingi nyepesi zenye hifadhi ya gigabaiti 32, ambazo tangu mwaka 2019 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na Windows 10, na kwenye mashine ya namna hiyo folda moja ya mfumo wa awali inatosha kuikaba koo. Hapo kusafisha ni lazima, na dirisha la kusafisha ni salama kuliko fundi anayefungua folda za ndani akifuta kwa mkono asichokijua. Nalisifu kwa hilo. Nalisifu pia kwamba halifuti bila kuulizwa, ingawa katika toleo lile lile la 2018 liliongezewa kisanduku cha folda ya vitu vilivyopakuliwa, mahali ambapo nusu ya watu ninaowafahamu huweka vyeti vyao, kisanduku ambacho baadaye kiliondolewa kwa haki. Wala si kweli, kama mabango ya mafundi yanavyodai, kwamba kufuta nakala za akiba huiongezea kompyuta mbio. Kama diski haijakaribia kujaa, utakuwa umetoa akiba bila kupata kitu.

Kipimo kingine cha dirisha hili ambacho hakikutungwa kwa ajili ya watu wa huku ni siku. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, folda ya mfumo wa awali ilitunzwa siku 30. Mwaka uliofuata zikapunguzwa kuwa 10, baada ya hapo inafutwa yenyewe. Naambiwa ni kwa sababu wengi wanaotaka kurudi nyuma hurudi katika siku za mwanzo. Huenda ni kweli kwa mtu anayeketi mbele ya kompyuta yake kila asubuhi. Katibu wa chama cha kuzikana kule Mlingotini huiwasha yake mwisho wa mwezi, michango inapoingizwa, pengine umeme ukiwapo na salio la intaneti likiruhusu. Akigundua kwamba programu yake ya hesabu imekataa kufunguka kwenye mfumo mpya, siku kumi zimekwisha zamani, na kuupakua mfumo mzima upya ni gharama ya kifurushi ambacho chama hakikukiwekea bajeti.

Mambo haya yamekuwa na haraka zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walipokoma rasmi kuihudumia Windows 10. Kompyuta zinazoweza zinapandishwa toleo, zisizoweza zinafutwa na kuwekewa mfumo mwingine au kuuzwa tena Kariakoo, na kila inayopandishwa inaanza kuhesabiwa zile siku kumi. Inawezekana kuziongeza hadi 60. Lakini jambo hilo halina kitufe kwenye dirisha lile. Ni amri ya Kiingereza ya mstari mmoja inayoandikwa na msimamizi kwenye kisanduku cheusi cha amri, nayo haina budi kuandikwa kabla siku ya kumi haijapita.